Mama Subira wa Runingani

"Kitovu hakina miguu, Mama Nawal! Kimekwenda wapi peke yake?"

"Ndiyo nakuuliza wewe uliyemwogesha."

"Unaniuliza au unanisema?"

"Nakuuliza, Asifiwe."

Hapo Badriya, ndiye Mama Nawal mwenye duka, alikuwa keshasema yote. Kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna mtu wa mtaa ule wa Mtoni aliyemwita yule mama Asifiwe, ukimwondoa mchungaji wake na manesi wa zahanati. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Subira. Sasa anaitwa kwa jina la kwenye cheti, tena dukani, asubuhi ya Jumamosi, mbele ya watu watatu waliokuja kununua sukari na mmoja ambaye hakuja kununua chochote.

"Nimemwogesha mjukuu wako tangu azaliwe," Asifiwe alisema. "Nimemkanda mwanao mpaka mikono imebabuka kwa maji ya moto. Leo naambiwa nimeficha kitovu?"

"Sijasema umeficha. Nimesema hakionekani. Jana kilikuwepo, leo umemwogesha, hakipo. Sasa mie nifanyeje?"

Nyuma ya pazia linalotenga duka na nyumba ikasikika sauti ya Bi Khulud, mama mkwe wa Nawal, binti wa Badriya aliyejifungua. Alikuwa ametoka Gongo la Mboto kuja kumwona mjukuu na hakuonyesha dalili ya kuondoka.

"Mwambieni akatazame kwenye chupa yake!"

Wa sukari wakacheka. Mmoja alijaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi, hakufanikiwa. Jonas, fundi redio wa jirani, ndiye yule ambaye hakuja kununua chochote, akainamisha kichwa na kusoma maandishi ya kwenye mfuko wa chumvi kana kwamba ni barua yake.

Asifiwe alipitiliza ndani, akatoka na dishi lake la bluu, maji bado yakitona, akakatisha katikati ya wateja. Mlangoni alisimama.

"Mzazi wa siku sita anatakiwa akandwe jioni," alisema. "Maji yasiwe ya vuguvugu. Mtachemsha wenyewe."

Akavuka mtaro kwenda kwake. Ni nyumba tatu tu, lakini siku hiyo aliuona mtaa mrefu.

*

Kila mtu pale dukani aliijua chupa. Walikuwa wameiona Alhamisi jioni, kwenye runinga ya Badriya mwenyewe.

Mumewe Badriya, Mzee Masoud, aliandika kitabu kimoja tu maishani mwake, *Maji ya Arobaini*. Alikiandika kwenye kaunta ya duka hilohilo, akiuza viberiti na kuandika, akipima mchele na kuandika. Kilihusu mtaa wao mwaka wa kipindupindu, na katikati yake alikuwemo mwanamke wa kutoka bara, Mkristo peke yake kwenye uchochoro wa Waislamu, aliyekuwa akiogesha vichanga na kukanda wazazi mpaka arobaini itimie. Wenzake walipofunga milango kwa hofu, yeye aliingia kila nyumba. Kitabuni aliitwa Mama Subira. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani. Wanawake wa Mtoni walikisoma mpaka majalada yakang'oka, wasiojua kusoma wakasomewa, na Asifiwe, ambaye hakuzaa mtoto aitwaye Subira, akabaki na jina.

Fransis, mtayarishaji wa vipindi vya runinga wa Kinondoni, alipokuja kutaka kukifanya tamthilia, Masoud alifurahi kuliko siku ya harusi yake. Badriya mwenyewe anasema hivyo. Na katika furaha hiyo akafanya kosa ambalo mfanyabiashara wa kawaida asingelifanya. Yeye alijivuna kwamba kitabu chake hakikudanganya hata ukubwa wa sufuria. Basi akamshika mkono msichana mwigizaji, akampeleka mpaka uani kwa Asifiwe. "Mtazame huyu," alimwambia. "Ukimpata huyu, umekipata kitabu."

Msichana alikaa siku nne. Alijifunza Asifiwe anavyotembea akilalia kushoto kwa sababu ya nyonga, anavyopima maji kwa kiwiko, anavyosema "kaza roho, mwanangu" kwa lafudhi ya kwao Tukuyu. Asifiwe alimfundisha vyote. Jioni alikuwa akija dukani anacheka: "Kanijua huyo mtoto mpaka ninavyopiga chafya!"

Alhamisi hiyo sebule ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye mikono ya makochi. Badriya alikaanga mandazi. Asifiwe alipewa kiti kikubwa, mbele kabisa, na Nawal akaletwa na godoro lake, kichanga Muhannad kikiwa kifuani. Runingani akatokea Mama Subira akilalia kushoto, watu wakapiga makofi. Akapima maji kwa kiwiko, watu wakapiga vigelegele. Kisha, mama wa mtoto alipopitiwa na usingizi, Mama Subira wa runingani akakichomoa kitovu cha mtoto, akakitia kwenye chupa yenye vitovu vingine, akatabasamu, na muziki ukalia kama mlango wa kaburi. Kumbe anavipeleka kwa mganga, ili tajiri mmoja amwache mkewe.

Sebule ikapoa.

"Huyo ni mie?" Asifiwe aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeonyeshwa picha ya zamani.

Masoud alikuwa anaitazama runinga mdomo wazi. Bi Khulud alinyoosha mikono, akamtwaa mjukuu kifuani kwa Nawal, akamhamishia upande wa pili wa godoro, mbali na kile kiti kikubwa.

*

Kitovu kilionekana Jumamosi ileile, alasiri.

Badriya alikuwa anaanua nguo za mtoto. Alipokunja kifulana kimoja cha mikono mirefu, kitu kigumu kikamchoma kidole. Akageuza mkono wa kifulana, akakikuta kimenasa kwenye mshono, cheusi, kikavu, kidogo kuliko punje ya karafuu iliyovimba. Kilikuwa kimedondoka kabla hata Asifiwe hajafika asubuhi, mtoto alipobadilishwa, na yeye Badriya ndiye aliyezikusanya zile nguo na kuzitia kwenye maji.

Alikifua kitovu cha mjukuu wake. Kwa sabuni ya unga.

Neno la kwanza lililomjia kinywani lilikuwa alhamdulillahi. Kisha akasikia sauti ya Bi Khulud ndani, kwenye simu, akimweleza mtu wa Chanika: "Eti muogeshaji! Tena wanamkalisha kwenye kochi!" Kabla ya hapo alikuwa kampigia wifi yake, na kabla ya wifi, shangazi yake Walid, mumewe Nawal. Sasa nani ataingia amwambie mama mkwe wa watu kwamba kitovu kinachopaswa kuzikwa kwa heshima kimesuguliwa na bibi wa mtoto mwenyewe pamoja na nepi zenye kinyesi? Mpaka Idi ijayo asingepumua.

Akakifunga kwenye leso, akaitia kabatini chini ya doti za khanga. *Nitasema kesho*, alijiambia.

Kesho yake, Jumapili, aliikuta habari imeshamtangulia sokoni. Mzazi wa nyumba ya bati jekundu kamrudisha Asifiwe mlangoni, kasema amepata ndugu wa kumsaidia. Mwingine wa upande wa barabara ya Kilwa hakusema hata hilo; alimwachia Asifiwe abishe hodi mpaka akachoka. Watoto walipomwona anarudi na dishi lake kavu, wakaanza, "Chupa! Chupa!" huku wakikimbia na kuchekana.

Badriya aliyasikia yote hayo akiwa amesimama kwenye meza ya nyanya. Akasema, "Jamani, watoto wa siku hizi," akanunua nyanya, akarudi.

*

Jumatatu Masoud alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kwenda Kinondoni, ofisini kwa Fransis. Msichana wa mapokezi hakunyanyua macho kwenye simu.

"Usaili wa kina babu ni kesho, mzee."

"Mie siyo babu. Mie ndiye mwandishi wa *Maji ya Arobaini*."

"Aaa. Ya yule mchawi! Mama yangu anaipendaje! Kaa hapo, baba."

Akakaa. Akakaa sana. Fransis alipotoka alimpa shikamoo kwa mikono miwili, akamwingiza kwenye chumba chenye kiyoyozi, akaagiza maji.

"Fransis, mwanangu. Kile siyo kitabu changu."

"Ndicho chenyewe, mzee wangu. Tumekipa presha tu."

"Presha gani? Mama Subira umemfanya mwanga!"

"Mzee, sikiliza. Mwanamke anaogesha watoto, anakanda wazazi, wiki ya kwanza mpaka ya ishirini na sita. Nani atakaa atazame? Stori yako haina adui."

"Adui yupo. Kipindupindu."

"Kipindupindu hakina sura, mzee. Kamera ipige nini? Choo?"

Masoud alipandisha sauti. "Basi mngetafuta adui mwingine. Mngeumba mtu wenu. Mbona mmechukua mwendo wake? Kiwiko chake? Mpaka lafudhi! Yule ni mtu, Fransis. Anaishi. Leo hapati kazi."

"Sasa si wewe uliyetupeleka kwake, mzee?" Fransis alisema kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliouma. "Sisi hatukumjua. Na tumekushukuru kwenye majina ya mwisho."

Akafungua droo, akatoa mkataba, akageuza mpaka ukurasa wa nne. *Kubadilisha kadiri itakavyofaa.* Chini yake kulikuwa na saini ya Masoud, kubwa, imekunjwa mkia. Masoud aliukumbuka mstari ule. Mtu ambaye kwa miaka arobaini hakupokea gunia bila kulifungua mdomo, aliusoma na kuupita, akidhani watabadilisha rangi za milango. Kwa sababu juu ya nafasi ya saini walikuwa wameandika: MWANDISHI.

"Tunaweza kuongeza maneno mwanzoni," Fransis alisema. "Kwamba hadithi ni ya kubuni."

"Mtoni nani atayasoma? Mwanzoni watu bado wanagombea viti."

"Basi mzee wangu, hapo sina ujanja. Tena nikwambie ukweli, watazamaji wamempenda. Ofisi imesema tumwongezee vipande."

Walimpa fulana yenye jina la tamthilia. Aliikuta mkononi mwake alipokuwa tayari yuko barabarani, akaichomeka kwenye ufa wa ukuta wa nyumba ya watu.

*

"Wanamwongezea," Masoud alimwambia mkewe. Walikuwa chumba cha nyuma ya duka, chai imepoa. "Nimekwenda kumtetea, nimerudi kaongezewa! Na ninyi huku mmemshika na kitovu. Nimwambie nini yule mama? Nipite wapi?"

Badriya alinyanyuka. Akaenda kabatini, akarudi na leso, akaiweka mezani na kuifungua.

Masoud aliinama, akatazama. "Umekipata? Alhamdulillahi! Lini?"

"Jumamosi."

"Leo Jumatatu, Badriya."

"Siku nazijua, baba Nawal."

"Jumamosi ukanyamaza?"

"Ningesemaje? Bi Khulud alikuwa keshatangaza mpaka Chanika. Ningesema nimekifua? Nilisema ningoje aondoke. Haondoki!" Akaanza kulia, kilio kibaya cha mtu mzima anayejizuia asisikike. "Tumwendee. Lakini twende kimyakimya, jioni, tupitie uani. Tumpe na mchele."

"Ndiyo," Masoud alisema haraka mno. "Kimyakimya. Ni vizuri."

"Vizuri kwa nani?"

Nawal alikuwa kwenye pazia, uso umemvimba kwa kukosa usingizi, mtoto begani. "Kumsema mlimsema dukani, watu wananunua sukari. Kumwomba radhi ndiyo mnataka uchochoroni?"

"Nawal, mwanangu, nenda kalale."

"Sitalala. Siku tatu sijakandwa sawasawa, tumbo linavuta kama lina kamba. Bi Khulud ananikanda kwa vidole viwili, anaogopa kuungua." Akachukua khanga, akamfunika Muhannad mpaka kichwani, akajitanda ya pili. "Mama, chukua leso. Twende."

Bi Khulud akatokea kwa nyuma, tasbihi mkononi. "Twende wapi? We mtoto, siku ya nane! Mzazi hatoki kabla ya arobaini! Kwetu haijawahi!"

"Na kwetu haijawahi pia, mama," Nawal alisema. "Leo ndiyo itakuwa."

*

Saa kumi na moja mtaa ule umejaa: wasusi, wauza mihogo, wanaume waliotoka msikitini na hawana haraka. Walipomwona mzazi wa siku nane anavuka mtaro na kichanga, mama yake nyuma, baba yake nyuma zaidi, hakuna aliyebaki na shughuli. Jonas alizima redio ya mteja. Wasusi walimwachia mtu kichwa nusu.

Asifiwe alikuwa kwenye jiko la mkaa, ameinamia sufuria. Alipoinua macho, hasira ilimtoka kabla ya salamu.

"Nani kakutoa nje? Na upepo huu! Mfunike huyo miguu!"

"Shikamoo, mama," Nawal alisema. "Tumbo linavuta. Na mama yangu ana neno."

Badriya alisimama penye mlango wa ua. Mbele yake Asifiwe, nyuma yake mtaa mzima. Alitamani kunong'ona, lakini macho ya binti yake yalikuwa juu yake.

"Kitovu nilikiona mie," alisema. Ikatoka ndogo. Akarudia, kwa sauti ya dukani. "Kitovu nilikiona mie! Kilikuwa kwenye kifulana, nikakifua kwa mkono wangu. Mama Subira hakukigusa. Nilikiona Jumamosi alasiri, nikanyamaza kwa aibu yangu." Akafungua leso, akaiinua wote waione.

Asifiwe hakuitazama leso. "Jumamosi alasiri."

"Ndiyo."

"Jumapili nilirudishwa milango miwili. Watoto wakanipigia kelele za chupa mpaka hapa. Wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ulikuwa sokoni. Nilikuona kwenye nyanya."

Badriya alizidi kuinyoosha leso mbele.

"Samehe tu, Mama Subira," msusi mmoja alisema kutoka nje, kwa kutaka yaishe. "Binadamu sie."

"Usiniite hilo jina!" Asifiwe aligeuka, na hapo ndipo sauti yake ilipopasuka. "Msiniite tena, nyie wote! Nilikuwaga nikilisikia najiona mtu. Sasa nikilisikia naiona ile chupa. Mwenye jina yuko kwenye tivii. Mie naitwa Asifiwe."

Masoud, aliyekuwa amebaki ng'ambo ya mtaro, alilisikia hilo kama mtu anayesikia bei ya nyumba yake ikinadiwa. Akasogea hatua mbili. "Nilikwenda Kinondoni leo, mama. Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

Angeweza kudanganya. "Hawabadilishi. Alhamisi inaendelea."

Asifiwe alitikisa kichwa polepole. Akaipua sufuria ya chakula, akabandika ya maji, akamshika Nawal bega. "Ingia ndani, mwanangu. Na wewe Mama Nawal, chochea huo moto, usisimame hapo na leso kama unauza."

Watu hawakutawanyika. Walimsikia Nawal akipiga ukelele wa kwanza, kisha "kaza roho, mwanangu," na wengine wakashtuka, maana sauti ilikuwa ileile ya runingani. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake karibu na gauni lake. Masoud alimwona. Alitaka kumwambia kitu, kitu kirefu, chenye kurasa.

Baadaye kichanga kililala. Badriya alionekana akitandika mkeka na kupakua ndizi za nazi na maharage. Asifiwe akatoka mlangoni, mikono myekundu inatoa mvuke, akautazama ule umati, kisha akamtazama mtu mmoja tu.

"Baba Nawal, njoo ule."

"Nimeshiba, mama. Ahsante sana."

"Sijakuuliza kama umeshiba." Alisema bila kupaza, lakini mtaa mzima ulisikia. "Hawa wanataka kuona kama utaweza kuweka chakula changu mdomoni. Ingia. Ukae upande huu, wakuone. Na mlango uuache wazi."